Sahani Inayorudi Jikoni: Milo na Masharti ya Chakula Katika Makao ya Wazee

Mzee wa miaka 84 anaingia katika makao ya wazee akiwa na faili lenye maagizo matano ya chakula. Ana kisukari, kwa hiyo asipewe sukari. Ana shinikizo la damu, kwa hiyo chumvi ipunguzwe. Lehemu yake (kolesteroli) ilipanda miaka mingi iliyopita, na agizo la kumpunguzia mafuta halijafutwa tangu wakati huo. Figo zake zimechoka kidogo, basi protini isizidi. Hospitalini alipaliwa mara moja, basi kila kitu kisagwe na vinywaji vyake vifanywe vizito. Kila agizo, likitazamwa peke yake, lina daktari aliyeliandika na sababu aliyokuwa nayo. Ukiyakusanya yote matano kwenye sahani moja, kinachobaki ni rojo isiyo na chumvi, isiyo na mafuta, isiyo na utamu. Mzee anaonja vijiko vitatu, anageuza uso. Kwenye karatasi, makao yametimiza kila sharti. Miezi mitatu baadaye mzee amepungua kilo tano.

Wengi hudhani kwamba kupanga chakula cha wazee ni kazi ya kujua kilichokatazwa. Lakini kwa watu wengi wanaoishi katika makao, hatari iliyo karibu zaidi ni chakula kisicholiwa. Mzee asiyekula hupoteza misuli kwanza. Misuli ikipungua, miguu hukosa nguvu na anaanguka. Vidonda vya kulalia havifungi. Kinga ya mwili hulegea, nguvu za kukohoa hupungua, na nimonia humpata kwa urahisi. Katika umri huo, misuli iliyoyeyuka ndani ya wiki mbili za kulala kitandani huhitaji miezi kurudi, na wakati mwingine hairudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mpango wowote wa chakula upimwe kwa sahani inayorudi jikoni, kabla ya kupimwa kwa menyu iliyobandikwa ukutani.

Mambo matatu yanayofungwa pamoja

Makao yanaposifiwa kuwa yanafuata masharti ya chakula, au yanapolaumiwa kuwa hayafuati, kuna mambo matatu tofauti yanayozungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Ugomvi mwingi kati ya familia, jikoni na wauguzi hutokana na kutoyatenganisha.

La kwanza ni sheria inayoyabana makao yenyewe. Marekani, mathalani, ilipitisha sheria ya kurekebisha makao ya wazee mwaka 1987, na kanuni zake za leo zinataka milo isiyopungua mitatu kwa siku, huku muda kati ya mlo kamili wa jioni na kifungua kinywa usizidi saa 14. Muda huo unaweza kufika saa 16 ikiwa tu wakazi wanapewa kitafunio chenye lishe kabla ya kulala, na kundi la wakazi limeridhia. Menyu iandaliwe mapema, ifuatwe, ipitiwe na mtaalamu wa lishe, na izingatie dini na desturi za wanaoila. Anayekataa chakula kilichopangwa apewe kingine chenye lishe inayolingana. Huko England, kanuni za mwaka 2014 zinasema wazi kwamba kumsaidia mtu kula na kunywa, pale anapohitaji msaada, ni sehemu ya wajibu wa kumlisha.

Sharti la saa 14 linaonekana dogo mpaka ukumbuke jinsi zamu zinavyopangwa. Jikoni hutaka kufunga mapema, wafanyakazi wa jioni ni wachache, basi mlo wa mwisho husogezwa hadi saa kumi na moja jioni. Kifungua kinywa kikiwa saa mbili asubuhi, mkazi amekaa saa 15 bila kula. Mwenye kisukari anayechomwa insulini jioni anaweza kushukwa na sukari usiku wa manane, akiwa amelala na hakuna anayemtazama. Hivyo sharti linaloonekana kuwa la ratiba ni la usalama.

La pili ni agizo la kitabibu: daktari au mtaalamu wa lishe ameandika kwamba mkazi huyu ale hivi na asile vile, na jikoni linatakiwa kulitekeleza kwa usahihi, kila mlo, hata mpishi wa zamu anapobadilika. La tatu ni mkazi mwenyewe. Ana ladha zake, imani yake, hasira zake, na haki ya kusema hapana. Makao yanaweza kufaulu katika la kwanza na la pili na bado yakamwacha mtu akikonda, kwa sababu la tatu halikuulizwa.

Menyu ni hesabu kabla ya kuwa upishi

Makao mengi huendesha menyu ya mzunguko. Milo ya wiki tatu, nne au tano hupangwa, ikiisha inaanza upya. Mzunguko ukiwa mfupi mno huchosha, na mkazi hana pengine pa kwenda kula. Ukiwa mrefu mno huvuruga manunuzi, na wapishi hawapati nafasi ya kuizoea milo. Nyuma ya menyu ambayo wakazi wanaiona kuna jedwali ambalo wageni hawalioni, na kazi yenyewe imo humo. Kwa kila mlo, jedwali hilo huonyesha toleo la kila mlo maalumu: kipimo ni kipi, kinaondolewa nini, na badala yake kinawekwa nini. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa. Mwenye mzio wa maziwa akiondolewa kitindamlo cha maziwa, na nafasi yake kwenye sinia ikabaki tupu, amekingwa dhidi ya mzio na papo hapo amenyimwa protini na nishati ya mlo huo. Jikoni litasema limefuata agizo, na kweli limefuata.

Hesabu ya msingi si ngumu. ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe ya kitabibu, inapendekeza kwa wazee takriban kilokalori 30 na protini isiyopungua gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kisha viwango virekebishwe kulingana na hali ya mtu. Mgonjwa au mwenye kidonda huhitaji protini zaidi. Kwa vinywaji, pendekezo ni lita 1.6 au zaidi kwa siku kwa wanawake na lita 2 au zaidi kwa wanaume, isipokuwa pale moyo au figo zinapodai vinginevyo. Mkazi wa kilo 50 basi anahitaji kama kilokalori 1,500 na protini gramu 50. Tuseme jikoni linampakulia kilokalori 1,800 na protini gramu 60 kwa siku. Mkaguzi akisoma menyu ataridhika. Mkazi akila nusu, amepata kilokalori 900 na protini gramu 30, na nusu ni kiasi cha kawaida kabisa kwa mtu ambaye ladha na harufu zimefifia, kinywa ni kikavu kwa sababu ya dawa, na meno bandia yanamcheza kwa kuwa ufizi umepungua.

Kumwongezea kipimo hakusaidii. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaanza. Kinachofaa ni kuongeza nguvu ndani ya kijiko kilekile: unga wa maziwa kwenye supu, siagi kwenye viazi vilivyopondwa, yai, malai, mafuta. Milo igawanywe midogo, na vitafunio vya kati vipangwe kwenye menyu kama milo mingine, visiachiwe bahati ya mhudumu aliyepata nafasi. Ushauri huu unapingana moja kwa moja na ule anaopewa mtu wa miaka 45 anayetaka kulinda moyo wake, na ndiyo sababu mabinti na wana wa wazee hushtuka wakiona siagi kwenye sahani ya mama. Mwili wa mama yao sasa unakabiliwa na tatizo jingine.

Ushahidi mzuri kabisa kwamba jikoni lenyewe linaweza kuwa tiba umetoka Australia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha makao 60 na wakazi zaidi ya 7,000, wastani wa umri ukiwa miaka 86. Katika nusu ya makao, menyu iliongezewa maziwa, mtindi na jibini, hadi kalisiamu ikafika takriban miligramu 1,142 na protini gramu 1.1 kwa kilo kwa siku. Makao mengine yaliendelea na menyu zao za kawaida. Katika miaka miwili, makao yaliyobadilisha menyu yalikuwa na mivunjiko ya mifupa pungufu kwa asilimia 33, mivunjiko ya nyonga pungufu kwa asilimia 46, na maanguko pungufu kwa asilimia 11. Hakuna aliyepewa dawa mpya. Kilichobadilika ni chakula cha kawaida, kilichopakuliwa katika hali ambayo wazee walikipenda kiasi cha kukila.

Masharti ya kulegeza, na yasiyolegezwa kamwe

Hapa ndipo pagumu. Kwa miongo kadhaa makao yalikuwa na milo maalumu mingi kama hospitali: mlo wa kisukari, mlo wa chumvi kidogo, mlo wa mafuta kidogo. Mwelekeo wa wataalamu umegeuka. ESPEN inashauri kuepuka masharti ya chakula yanayoweza kupunguza ulaji wa mzee. Chama cha Kisukari cha Marekani nacho, kikizungumzia wazee walio katika makao, kinahimiza mlo ulio huru zaidi ili kuzuia utapiamlo na kushuka kwa sukari.

Sababu ni muda. Sharti kali la sukari hulinda macho, figo na mishipa dhidi ya madhara yanayojengeka kwa miaka mingi. Mtu wa miaka 88 mwenye magonjwa manne hatavuna faida hiyo yote, ila hasara yake ataipata leo: anakula kidogo, insulini iko palepale, sukari inashuka, anaanguka. Mara nyingi ni salama zaidi kumpa mlo wa kawaida wenye wanga unaolingana siku hadi siku, kisha daktari akarekebisha dawa zimfuate mlaji. Lehemu nayo, katika umri huo, mara chache inastahili kumnyima mtu yai.

Chumvi ni suala lenye pande mbili, na ni haki kulieleza lote. Kuna utafiti wa China katika makao 48 ya wazee, uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulijaribu njia mbili. Kupunguza chumvi ya jikoni hatua kwa hatua hakukuonyesha faida. Kubadilisha chumvi ya kawaida kwa ile ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kuwa potasiamu kulishusha shinikizo la damu na matukio ya ugonjwa wa moyo na mishipa, ingawa visa vya potasiamu kuzidi katika damu viliongezeka. Kwa maneno mengine, ladha ilibaki, faida ikapatikana, lakini mwenye figo dhaifu alihitaji kutazamwa kwa makini. Nauona utafiti huo kuwa funzo zuri kwa jikoni lolote, maana unaonyesha kwamba kulegeza hakumaanishi kuacha kufikiri.

Na kuna masharti ambayo hayalegezwi kwa huruma ya mtu yeyote. Mzio wa chakula ni mojawapo. Umoja wa Ulaya unataka vyanzo 14 vya mzio vitajwe katika chakula kinachouzwa au kupakuliwa, na jikoni la makao, ambalo chungu kimoja hulisha watu 60, halina nafasi ya kukisia. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, hapaswi kuipata hata chembe. Anayesafishwa damu kwa mashine anaweza kuuawa na potasiamu iliyozidi. Tena kuna uwezo wa kumeza, ambao nautengea sehemu yake.

Dawa zina masharti yao yanayosahaulika kwa kuwa hayaandikwi kwenye kadi ya sinia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hahitaji kukatazwa mboga za majani. Anahitaji kiasi chake kisibadilike sana wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo huathiri nguvu ya dawa. Protini inaweza kushindana na levodopa, dawa ya mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), wakati wa kufyonzwa katika utumbo mdogo, hivyo saa ya dawa na saa ya mlo zipangwe pamoja. Vidonge vingi vya kuimarisha mifupa na vya tezi ya thairoidi hunywewa kabla ya chakula, kwa hiyo kifungua kinywa kikiwahi au kikichelewa, dawa nayo inavurugika. Muuguzi na mpishi wasipozungumza, hakuna menyu itakayoziba pengo hilo.

Usafi na joto la chakula nitavitaja kwa ufupi, maana kanuni zake zinajulikana. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5. Wazee wasipewe mayai mabichi yasiyopasteurishwa (yasiyopashwa joto kuua vijidudu) wala maziwa mabichi. Chakula kilichosagwa kiangaliwe zaidi ya kingine: kimeguswa na mashine, bakuli na mikono mingi, na hupoa haraka.

Kumeza

Kupaliwa kwa mzee si lazima kuonekane. Wengine hukohoa na kutoa machozi, wengine chakula au mate huingia njia ya hewa kimyakimya, na dalili ya kwanza ni homa siku chache baadaye. Ndiyo maana agizo la kusaga chakula huandikwa kwa haraka na kufutwa kwa nadra. Mtu aliyepata kiharusi akasagiwa chakula wodini anaweza kurudisha uwezo wa kumeza ndani ya wiki kadhaa, lakini kadi yake katika makao ikaendelea kusema chakula kilichosagwa kwa miaka miwili, kwa sababu hakuna aliyeitwa kumpima tena.

Kwa muda mrefu kila mahali palikuwa na maneno yake: laini, laini sana, nzito kidogo. Maneno hayo humaanisha kitu tofauti kwa kila anayeshika mwiko. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI ulitengenezwa ili kuondoa ukisiaji huo. Una ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Ngazi 0 ni kinywaji chepesi kama maji, 7 ni chakula cha kawaida. Katikati, ngazi 4 ni kilichosagwa laini bila vipande, ngazi 5 kina vipande vidogo vyenye unyevu visivyozidi milimita 4 kwa upana kwa mtu mzima, na ngazi 6 ni chakula laini kilichokatwa vipande visivyozidi sentimita 1.5.

Uzuri wake ni kwamba unapimwa kwa vifaa vya jikoni. Milimita 4 ni takriban nafasi kati ya meno ya uma. Kwa vinywaji, unajaza bomba la sindano la mililita 10, unaachia kinywaji kitiririke kwa sekunde 10, kisha unasoma kilichobaki: mililita 1 hadi 4 ni ngazi ya 1, 4 hadi 8 ni ngazi ya 2, zaidi ya 8 ni ngazi ya 3, na kisichotiririka kabisa ni ngazi ya 4. Bomba lenyewe sharti liwe la vipimo vilivyotajwa na mfumo, kwa sababu mabomba ya mililita 10 hayalingani yote kwa urefu. Mhudumu wa usiku anaweza kufanya kipimo hiki bila shahada yoyote.

Vinywaji vizito vina gharama yake, na familia zinastahili kuelezwa. Wengi hawavipendi, basi hunywa kidogo, na maji mwilini hupungua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wenye washiriki 515 waliokuwa na Parkinson au ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ulilinganisha vinywaji vizito na mbinu rahisi ya kuinamisha kidevu wakati wa kumeza kinywaji chepesi. Katika miezi mitatu, tofauti ya nimonia kati ya makundi haikuwa ya kutosha kusema njia moja ni bora. Waliopewa vinywaji vizito ndio walioelekea zaidi kupata upungufu wa maji, homa au maambukizi ya njia ya mkojo. Hilo halimaanishi jikoni liache kuongeza uzito wa vinywaji kwa uamuzi wake. Linamaanisha agizo hilo lipimwe tena na mtaalamu wa kumeza kila baada ya muda, na kiasi anachokunywa mkazi kiandikwe kama vile kiasi anachokula.

Jambo moja linalopuuzwa: chakula kilichosagwa kisichanganywe kuwa rundo moja. Nyama peke yake, mboga peke yake, kila kimoja na rangi na ladha yake. Mtu anayelishwa kijiko cha kitu asichokijua ana sababu ya kufunga mdomo.

Meza, mkono na dakika

Menyu bora inaweza kushindwa umbali wa mita moja kutoka mdomoni. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wakazi wenye kula kidogo waligundua kwamba msaada wa mtu mmoja kwa mkazi mmoja, kwa utulivu, uliongeza ulaji wa karibu nusu yao, lakini ulichukua wastani wa dakika 38 kwa mlo. Msaada wa kawaida katika makao hayo ulikuwa dakika 9. Piga hesabu: wakazi wanane wanaohitaji kulishwa, wahudumu wawili, mlo wa saa moja. Kila mkazi anapata dakika 15. Hapo hata kama kila agizo la daktari limeandikwa kwa wino wa dhahabu, chakula kitarudi.

Ndiyo maana idadi ya wahudumu saa ya chakula ni suala la lishe, na linapaswa kuulizwa na kila familia inayochagua makao. Kuna njia za kupunguza mzigo bila kumnyima mtu: kuwalisha kwa awamu mbili, kuwafundisha wafanyakazi wengine na watu wa kujitolea kuwasaidia wakazi wasio na shida ya kumeza, kutumia vijiko vya mpini mnene na sahani zenye ukingo kwa wale ambao mikono inatetemeka ila wanaweza kujilisha wenyewe. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu anayesahau uma ni wa nini, bado anaweza kula vipande vya kushika kwa vidole akitembea.

Namna ya kukaa mezani ina uzito pia. Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wakazi 178 wa makao matano. Baadhi waliendelea kupewa sinia zilizopakuliwa tayari. Wengine walikula kwa mtindo wa kifamilia: meza yenye kitambaa, mabakuli katikati, kila mtu akijipakulia anachotaka, wahudumu wakiketi nao, na dawa zikikaa mbali na chumba cha kulia wakati huo. Baada ya miezi sita, waliokula kwa mtindo wa kifamilia walikuwa wamehifadhi uzito na uwezo wa mwili, ilhali wenzao walikuwa wameshuka. Naliona hili kuwa na maana kubwa kwa makao yasiyo na fedha nyingi. Bakuli katikati ya meza haligharimu zaidi ya sinia.

Mizani na daftari

Kinachoandikwa baada ya mlo mara nyingi hakiaminiki. Wahudumu huelekea kukadiria kwamba mkazi amekula zaidi ya alichokula, kwa kuwa wanaandika wakiwa wameshaondoa sahani, na wana sahani nyingine ishirini za kukumbuka. Chakula kilichosukumwa pembeni huhesabiwa kama kimeliwa. Mizani haina tatizo hilo. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni hiki: kupungua kwa asilimia 5 ya uzito katika mwezi mmoja, asilimia 7.5 katika miezi mitatu, au asilimia 10 katika miezi sita ni kupungua kunakodai hatua. Kwa mkazi wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo 3 tu. Mwenye moyo au figo zinazosababisha uvimbe anaweza kuficha hasara hiyo kabisa, maji yakiongezeka wakati misuli inapungua, kwa hiyo nguo zinazolegea mabegani na pete inayoanguka ni taarifa pia.

Uzito ukishuka, wengi hukimbilia kuagiza kinywaji cha virutubisho cha chupa. Kina nafasi yake. Kabla yake, kuna mambo ya kuangalia yanayoweza kutibika: jino bovu, utando mweupe kinywani, choo kigumu, huzuni, maumivu, dawa mpya inayokata hamu ya kula, agizo la zamani la chakula ambalo hakuna anayekumbuka sababu yake. Nimeliweka agizo la zamani mwisho, lakini ningeanza nalo, kwa kuwa kulifuta ni kazi ya simu moja kwa daktari.

Mkazi anaposema hapana

Mzee mwenye akili timamu, aliyeelezwa hatari akazielewa, ana haki ya kula kipande cha nyama kisichosagwa au cha keki yenye sukari. Wauguzi wengi huogopa hili, kwa sababu lolote likitokea watalaumiwa. Hofu yao ina msingi, na dawa yake ni utaratibu. Mtaalamu anampima, anamweleza matokeo yanayowezekana kwa lugha anayoielewa, anamtafutia njia ya kati kama kukata vipande vidogo na kukaa wima, kisha mazungumzo yote na uamuzi wake vinaandikwa na kupitiwa tena baada ya muda. Makao yanayomnyang'anya sahani bila mazungumzo hayajazingatia sheria hata kidogo, na makao yanayomwachia ale atakavyo bila kumpima nayo yamemtelekeza. Kumwandika kuwa mkaidi hakujibu chochote. Kunaficha tu swali la kwa nini anakataa.

Asiyeweza tena kuamua mwenyewe huamuliwa na wale wanaomjua, wakiongozwa na alivyoishi: dini yake, alivyokuwa akifunga, alivyochukia vitunguu maisha yake yote. Taarifa hizi zinapaswa kuchukuliwa siku ya kuingia, wakati bado anaweza kuzitoa mwenyewe.

Kisha hufika hatua ambayo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu umefika mbali na mtu anageuza uso mbele ya kila kijiko. Familia nyingi huuliza kuhusu mrija wa kumpitishia chakula moja kwa moja tumboni. Jumuiya ya madaktari wa wazee ya Marekani haipendekezi mrija kwa wenye ugonjwa huo ulioendelea sana, kwa kuwa haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na huja na vidonda vya kulalia na kufungwa mikono ili asiuchomoe. Badala yake inapendekeza kulishwa kwa mkono, kwa kiasi anachopokea. Hapo lengo la mpango linabadilika: masharti yaliyobaki yanaondolewa isipokuwa mzio na yale yanayomletea maumivu, kupima uzito kunaweza kukoma, na kinachotafutwa ni ladha anayoipenda na kinywa kisichokauka. Mabadiliko hayo yaandikwe kwenye faili na kwenye kadi ya sinia siku hiyohiyo, na yasomwe katika makabidhiano ya kila zamu, ili mhudumu wa usiku asiyemfahamu asije akamlazimisha kijiko kwa kufuata karatasi ya mwezi uliopita.